Gede Imeorodheshwa, Mahame Mengine Je?

Julai 2024, Kamati ya Urithi wa Dunia ilipoketi New Delhi kwa kikao chake cha 46, mji wa kale wa Gede, ulioko pwani ya Kenya, uliingizwa katika orodha ya UNESCO. Huku Nairobi tuliipokea habari hiyo kwa njia mbili. Wapo walioona kazi imekwisha: Gede sasa ina ulinzi wa dunia nzima, kilichobaki ni kukata tiketi ya treni na kwenda kupiga picha. Na wapo waliofufua ile hadithi ya mji uliotoweka, wa watu walioinuka usiku mmoja wakaondoka na kuacha vyungu mekoni, kitendawili kisicho na mteguzi. Pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: zinaitazama Gede kama mahali palipoachwa. Makala haya yanadai kwamba dhana hiyo ya kuachwa ndiyo inayobomoa majengo ya kale ya pwani yetu kuliko mvua, mizizi na umri wake. Orodha ya UNESCO, pamoja na heshima yake yote, haifiki penye ugonjwa wenyewe. Ugonjwa uko kwenye misikiti, makaburi na visima vilivyomo vichakani kati ya Vanga, mpakani na Tanzania, na Kiunga, mpakani na Somalia, visivyo na kibao, mlinzi wala mpaka uliopimwa.

Tuanze na neno lenyewe, mahame, yaani mahali palipohamwa. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya jambo hili. Gofu ni jengo lililobaki kuta, ganjo ni mji mkongwe uliobaki magofu, tongo ni kiwanja cha makazi ya zamani. Lakini mahame ni neno lililotoka katika kuhama. Anayehama anajua anakokwenda, hubeba mizigo yake, na aghalabu hukumbuka njia ya kurudi kuzuru makaburi. Magazeti yetu yanapotafsiri huandika "mji uliotelekezwa", na kutelekeza ni neno la baba aliyekimbia watoto wake. Tofauti hiyo ina uzito hata ofisini na mahakamani, kwa sababu kilichotelekezwa huokotwa na yeyote apitaye, ilhali kilicho cha mtu aliyehama huulizwa kwanza ni cha nani.

Gede yenyewe inatosha kuonyesha jinsi miji hii ilivyohamwa. Iko pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Watamu, kilomita chache kutoka baharini. Ukuta wake wa nje unazunguka ekari 45 hivi. Ndani yake mna msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba za mawe, visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. James Kirkman, aliyekuwa mlinzi wa mahali hapo kuanzia 1948, alichimba kwa takriban miaka 10 na kukuta vyombo vya kaure kutoka China, taa ya chuma na mikasi, na nyumba zikabatizwa majina ya vitu vilivyokutwa humo. Mambo mawili katika uchimbaji huo hayasemwi sana na wanaopenda hadithi ya usiku mmoja. La kwanza ni ukuta wa ndani: ulijengwa baada ya ule wa nje, nao unazunguka eneo dogo zaidi. Mji ulikuwa unajikunja. Waliobaki walijivuta katikati, wakajenga ukuta mpya kwa kipimo cha watu waliokuwepo. La pili ni kisima cha karibu na msikiti mkuu, ambacho kilichimbwa tena kikaongezwa kina, dalili kwamba maji yalikuwa yanazama. Mtu anayeongeza kina cha kisima hajakimbia, anahangaika kubaki.

Ongeza hapo mambo ya nje. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa Zambezi, waliivamia Mombasa kisha wakasonga hadi Malindi. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na mtawala wa Malindi akahamia Mombasa, pamoja na sehemu kubwa ya biashara iliyokuwa ikilisha vitongoji vya Malindi. Baadaye Waoromo walishuka kutoka kaskazini na maisha ya mji yakawa ya wasiwasi. Hakuna hata moja kati ya sababu hizi linalotosha peke yake, na ndiyo maana ni kosa kutafuta moja. Jumba la Mtwana, kaskazini mwa hori la Mtwapa, lilihamwa mapema katika karne ya 15, na Shanga katika kisiwa cha Pate vivyo hivyo. Wareno walikuwa hawajaonekana bado na Waoromo hawajafika. Mnarani, upande wa kusini wa hori la Kilifi, iliendelea hadi karne ya 17. Kila mji una tarehe yake na hesabu yake ya maji, biashara na vita. Kinachofanana ni kwamba watu hawakuyeyuka. Waliingia mji wa jirani, wakaoa, wakachukua majina mapya ya mitaa, na baada ya vizazi viwili watatu hakuna aliyewaita watu wa mahali pa zamani.

Isipokuwa pale walipoitwa hivyo. Watu wa Shela, Lamu, wana nasaba na Takwa, mji wa mawe katika kisiwa cha Manda uliohamwa mwishoni mwa karne ya 17. Takwa ina kaburi la nguzo, na watu wa Shela wamekuwa wakivuka maji mara mbili kwa mwaka kwenda kusoma dua hapo, wakiomba mvua. Pate nako wakulima hupanda tumbaku katikati ya kuta za mji mkongwe. Mhifadhi mkali atakasirika, lakini pia mtu hapandi mazao ndani ya kiwanja asichokijua. Mfano mkubwa kuliko yote ni kaya za Mijikenda. Makazi hayo ya ndani ya msitu, yaliyoanza karne ya 16, yalikuwa yamehamwa hadi kufikia miaka ya 1940. Kwa maelezo ya makaratasi ni mahame kamili: hakuna anayelala humo. Lakini wazee wa kaya waliendelea kuyashika kwa miiko, kuzuia ukataji wa miti, kuzika na kutambika, na mwaka 2008 misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. UNESCO haikuanzisha ulinzi huo. Iliukuta umeshasimama, na jina lake lilikuwa mwiko.

Basi kwa nini kaya zilishikwa na misikiti mingi ya vichakani haikushikwa? Jibu moja ni dini na miiko, lakini lililo zito zaidi ni la ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki kwa ukanda wa maili 10 wa pwani. Mwenye madai aliitwa alete ushahidi wake. Ardhi ambayo hakuna aliyeithibitisha ikawa ya Taji la Uingereza. Fikiria sasa mahame: hakuna moshi, hakuna shamba linaloonekana, waliotoka humo wametawanyika Malindi, Mombasa na Lamu, na wengi hawakuwa na karatasi wala nauli ya kufuata karani. Mahali hapo palikuwa pa kwanza kusajiliwa kuwa hapana mtu. Wamijikenda walipoteza ardhi kwa mlango huohuo, na uskwota wa Kilifi na Kwale tunaoujadili kila mwaka wa uchaguzi una mzizi wake hapo. Kwa hiyo mtu anaposema leo kwamba magofu ya kijijini hayana mwenyewe, anarudia matokeo ya sheria ya 1908 akidhani anasimulia historia ya karne ya 16.

Sheria ya sasa ni bora kuliko ile. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza katika Gazeti Rasmi kwamba mahali fulani ni pa kihistoria na panalindwa, na inamtaka anayegundua mabaki ya kale kutoa taarifa ndani ya siku 7. Katiba ya 2010 imeiachia serikali kuu majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, huku makumbusho na shughuli za utamaduni zikiwa pia chini ya kaunti. Tatizo liko katika pengo la katikati. Msikiti mdogo wa karne ya 15 wenye kuta tatu zilizosalia si wa umuhimu wa kitaifa machoni pa karani wa Nairobi, na kaunti haiuhesabu kuwa makumbusho. Hata ukitangazwa, tangazo hutaja jina na mahali. Bila mpima ardhi kuweka mawe ya mpaka na ramani kuingizwa katika daftari la ardhi, yule anayekata ploti jirani ataendelea kukata. Mji wa kale wa Mtwapa ulichimbwa kwa uangalifu na Chapurukha Kusimba na wenzake, unajulikana duniani kote na wanaakiolojia, na bado umebanwa na mji mpya.

Tuje sasa kwenye ukuta wenyewe, kwa sababu mijadala mingi ya urithi hufanywa na watu ambao hawajauliza ukuta hufa vipi. Nyumba ya mawe ya pwani ina kuta za matumbawe zenye unene wa nusu mita hivi, zilizofungwa kwa chokaa na kulishwa katikati kokoto na udongo. Dari ni boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, chini ya mita 3 kwa upana: boriti haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Juu ya boriti hupangwa vipande bapa vya matumbawe, kisha tabaka nene la chokaa na kokoto. Watu wakihama, dari ndiyo ya kwanza kuondoka. Maji yanapenya, boriti zinaoza kwenye ncha zilizozikwa ukutani, na siku moja tani kadhaa za mawe zinashuka sakafuni. Kuanzia hapo kichwa cha ukuta kiko wazi. Masika ya kwanza maji yanaingia katikati, palipo palaini, na kuosha udongo. Ndege aliyekula tini anatua juu na kuacha mbegu. Mche wa jamii ya mkuyu hauhitaji udongo mwingi, hutosheka na ufa na unyevu. Mwaka wa kwanza unaweza kuukata kwa kisu cha jikoni. Ukiachwa, mzizi wake unafuata ufa hadi ardhini, unanenepa, unatenganisha nyuso mbili za ukuta kama kabari. Baadaye kabisa jambo linageuka: mti ndio unaoushika ukuta, na anayeukata anaangusha vyote viwili.

Halafu anakuja binadamu. Mawe yaliyochongwa vizuri ya mlango na mihrabu hung'olewa kwa msingi wa nyumba mpya, au hutiwa tanuri yakachomwa kuwa chokaa, maana tumbawe la zamani huungua sawa na jipya. Bakuli za kaure zilizopachikwa kwenye makaburi ya nguzo na mihrabu zimebanduliwa nyingi mno. Ukisimama mbele ya kaburi la aina hiyo utaona vishimo vya duara vyenye ukubwa wa kiganja, mstari kwa mstari, na ndani ya kila kimoja alama ya chokaa iliyoshika kitako cha bakuli. Wezi wa mwisho ni watafuta hazina wanaochimba chini ya kibla na kando ya visima. Hawapati dhahabu. Wanachofanikiwa ni kuchanganya tabaka za udongo, na vigae vikishachanganywa haviwezi tena kusema mwaka.

Kutibu ukuta wa namna hii si kazi ya mabilioni. Chukua msikiti mdogo wa mita 10 kwa 8, kuta zake zikiwa na unene wa nusu mita. Mzingo wake ni mita 36. Ukitaka kuvika kichwa cha ukuta kofia ya chokaa yenye kina cha sentimita 5, iliyoinama kidogo ili maji yateleze, unahitaji takriban mita 0.9 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa chokaa 1 kwa mchanga 3, hayo ni madebe 45 ya mchanga na madebe 15 ya chokaa, debe la lita 20, kwa sababu chokaa hujaza nafasi kati ya chembe za mchanga na wala haiongezi ujazo. Mchanga uwe wa mtoni. Ule wa ufukweni una chumvi, na asiye na budi nao auoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa. Chokaa iliyochomwa iingizwe ndani ya maji kidogo kidogo. Ukimwagia maji lundo la chokaa hai linachemka na kuruka machoni. Ikishalainika ikae shimoni, juu yake kukiwa na maji, kwa miezi 3 au zaidi. Chokaa ya mfuko ya dukani inafaa ikiwa mpya na ikirowekwa angalau siku nzima. Iliyokaa ghalani mwaka imekwisha kunyonya hewa na haitashika.

Kazi yenyewe ifanywe wakati wa kusi, baada ya masika kutulia na jua la kaskazi halijaanza. Unang'oa kwanza chokaa iliyokufa kwenye viungo hadi kina cha sentimita 2 na nusu au zaidi, unafagia vumbi, unalowesha mawe mpaka yasinywe tena, ndipo unashindilia. Kisha unafunika kwa magunia yaliyoloweshwa, na kuyalowesha asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Chokaa haikauki kama saruji, hushika kwa kunyonya hewa polepole huku ikiwa na unyevu. Ikipigwa na jua siku ya kwanza hugeuka unga, na fundi husema chokaa ya siku hizi ni mbovu. Miche ikatwe mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli. Kisiki hakivutwi. Hupakwa dawa ya kuua mimea mara tu kinapokatwa, kikaachwa kioze mahali pake. Wapo wanaomwaga chumvi kwenye mzizi. Mti utakufa, ndiyo, lakini chumvi hiyo itaingia ukutani na kufanya kazi ambayo mzizi ulikuwa haujaimaliza.

Saruji ndiyo adui mwenye nia njema. Mfuko wake unapatikana kila duka, inashika kwa siku moja, na mfadhili anapenda kuona kazi imekwisha kabla hajapanda ndege. Lakini saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi maji. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, ukiwa umebeba chumvi ya pwani, hukuta mlango umefungwa, hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe, na unapokauka chumvi hujijenga kuwa fuwele ndani ya uso wa jiwe. Baada ya misimu michache ya mvua utaona ukungu mweupe, kisha uso wa tumbawe unabanduka kama magamba, na kiungo cha saruji kinabaki kimechomoza peke yake kama mbavu. Gonga kwa kifundo cha kidole: palipo na sauti ya ngoma, saruji imeshaachana na ukuta. Wakati huo huwezi kuiondoa bila kuondoka na jiwe.

Kwa mwanga huo turudi kwenye hoja za wanaoshangilia orodha. Hoja yao yenye nguvu ni kwamba jina la UNESCO linaibana serikali. Lazima kuwe na mpango wa usimamizi, eneo la kinga kuzunguka mahali, na taarifa za mara kwa mara kwa kamati. Waziri anayetaka kupitisha barabara katikati ya Gede sasa atajibu maswali mbele ya wageni. Hilo ni kweli na halipaswi kubezwa. Lakini orodha hailipi mshahara wa mlinzi hata mmoja, na tarehe za Gede zinajieleza. Ilitangazwa kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1927, kuta zikaanza kukarabatiwa 1939, ikawa hifadhi ya taifa 1948. Dunia ilipoiorodhesha, kulikuwa na zaidi ya miaka 80 ya kufyeka na kutia chokaa, na ndiyo iliyobakisha kitu cha kuorodheshwa. Majirani zetu wa Tanzania wana somo jingine. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliorodheshwa 1981, na mwaka 2004 vikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu kuta zilikuwa zikianguka na bahari ikila ufuo. Vilitolewa huko 2014, baada ya miaka 10 ya ukarabati na usimamizi ulioshirikisha wenyeji. Mtetezi wa orodha atasema, kwa haki, kwamba kule kuitwa hatarini ndiko kulikovuta msaada. Nami nitajibu kwamba miaka 23 ya heshima ilipita kabla ya hapo.

Upande wa pili kuna sauti ya wanavijiji, nayo ni nzito kuliko tunavyoipa nafasi hapa Nairobi. Wanasema: mkitangaza, tunafukuzwa. Tumeona hifadhi zikipanuka na mashamba yakipungua, na tiketi za mlangoni haziingii jikoni kwetu. Anayewajibu kwa hotuba ya uzalendo hajawasikia. Jibu lenye maana liko palepale Gede. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo, wenye makao yake kwenye eneo la magofu, umekuwa ukinunua vifukofuko (pupa) vya vipepeo vinavyofugwa na wakulima wa kandokando ya Arabuko-Sokoke na kuviuza kwa maonyesho ya ng'ambo. Mkulima hupata fedha kwa sababu msitu upo, bila kusubiri mtalii apite. Mahame madogo hayawezi kila moja kuwa na mradi kama huo, lakini kanuni inahamishika. Kazi ya chokaa, ufyekaji wa mara mbili kwa mwaka na uangalizi wapewe watu wa kijiji kwa malipo yanayojulikana, na njia za makaburini na visimani zisifungwe kwao. Anayelipwa kulinda jiwe hana sababu ya kulichoma tanurini.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, nayo haifi, ni kwamba haya ni majengo ya Waarabu, basi sisi yanatuhusu nini. Shanga ilikwisha kuijibu. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba huko katika miaka ya 1980 akakuta, chini ya msikiti wa mawe, misikiti midogo ya miti na udongo iliyojengwa mmoja juu ya mwingine kuanzia karne ya 8, na mji ukikua kutoka vibanda hadi mawe bila kukatika. Mwaka 2023 utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwamo waliozikwa Mtwapa na Manda, ulionyesha akina mama wengi wakiwa Waafrika na akina baba wengi wakitokea Uajemi. Huo ndio Uswahili: jibu lake halijawahi kuwa la upande mmoja. Na hata tukikubali madai kwamba ni ya Waarabu, mbona hatusikii mtu akisema Ngome ya Yesu iachwe ianguke kwa kuwa Wareno ndio walioijenga? Tunailipia kiingilio na kupigia picha za harusi.

Kuna jambo linalomhusu msomaji wa Nairobi moja kwa moja, na halina uhusiano na UNESCO. Ploti za futi 50 kwa 100 za Kilifi, Vipingo, Watamu na Malindi zinatangazwa kwetu kila wiki, na wengi hununua bila kukanyaga. Shamba la ekari 20 likikatwa vipande, msikiti uliomo huangukia ploti ya mtu, na hatimiliki yake haitasema neno. Kabla ya kulipa, tembea kiwanja chote mwenyewe au kupitia mtu unayemwamini. Mibuyu mikubwa iliyokaribiana, tuta refu lililonyooka lisilo la kawaida, shimo la duara lililofukiwa, vigae vya rangi ya kijani au bluu juu ya ardhi baada ya mvua: hizo ni dalili za makazi ya zamani. Waulize wazee wa hapo, si dalali. Ukikuta ukuta, piga picha za pande nne ukiwa umesimamisha fimbo yenye alama za kila sentimita 10, chukua vipimo kwa futi kamba, hifadhi nukta ya ramani ya simu ukijua inaweza kukosea mita kadhaa, kisha peleka taarifa kwa Makumbusho ya Taifa. Usifyeke kwa jembe, usiokote vigae, na usiweke mahali hapo mtandaoni. Wenye sululu nao husoma mitandao.

Yote hayo yana matokeo kwa bajeti. Iwapo jina jipya la Gede litaleta fedha, kishawishi kitakuwa kuzimwaga Gede: lango kubwa zaidi, choo cha vigae, kibao cha shaba. Ningependa sehemu yake iende kwa wapima ardhi. Wapewe orodha ya mahame ambayo tayari yanajulikana na Makumbusho, waanze na yale yaliyo karibu na barabara ya Mombasa hadi Malindi, kwa kuwa huko ndiko ploti zinakatwa kwa kasi, waweke mawe ya mpaka na kuacha njia ya watu kupita, na ramani zao ziingie katika daftari la ardhi kabla ya ukuta wowote kutiwa chokaa. Safu ya mwenye mahali isiandikwe "hakuna". Iandikwe kijiji, ukoo au msikiti unaopadai, hata kama madai ni matatu na yanapingana, ili atakayekuja na hati ya ploti akute jina la mtu wa kwenda kubishana naye.